Droo ya Karani

Karani Ndeanasia ana droo moja, vitabu viwili.
Msahafu umefungwa kwa kitambaa cha kijani.
Biblia imeng'oka jalada, inashikiliwa na rababendi.
"Dini?" aliniuliza, kalamu tayari juu ya fomu.

Myahudi, nikasema.
Akaitazama droo
kama muuza duka aliyepungukiwa chenji.

Mimi nilifuata mita nne za ardhi,
nyuma ya nyumba yetu ya Sekei,
pale Bwana Sumari anapotaka kujenga banda la kuku
juu ya kaburi la babu yangu, Yahya Saadi, sonara.
Sikuja barazani kuzungumza habari za Mungu.

Babu aliitwa Mshihiri miaka hamsini.
Hakukanusha. Alisema jina ni koti la mvua,
hata la kuazima linakinga.
Lakini Ijumaa, jua likianza kuyaaga mabati ya Soko Kuu,
bibi Ghazali alivuta pazia la stoo
na kati ya magunia ya maharage
akawasha mishumaa miwili ndani ya kopo la samli.
Aliubariki mkate wa mofa kwa Kiebrania,
akatuonya kwa Kiswahili:
"Fungeni mlango, mbu hao."
Hakuwa akiogopa mbu.

Na Jumamosi duka halikufunguliwa.
Mlangoni kibao kilisema: TUMEKWENDA MSIBANI.
Kila Jumapili wateja walitupa pole,
wengine na sukari robo.
Hapakuwa na ukoo Arusha nzima
uliofiwa kama sisi.

Binamu yangu Naomi alichoka na misiba hiyo, akahamia kule
ambako sabato iko kwenye kalenda ya serikali.
Ameniandikia: "Huku dini ina dirisha lake
na foleni yake. Jana nilikuwa namba mia mbili na kumi.
Wanataka cheti cha ndoa ya bibi,
wanataka sahihi ya rabi aliyefia Adeni.
Nimewaeleza kuhusu kopo la samli.
Fomu yao haina nafasi ya kopo la samli."
Chini kabisa, kwa wino mwingine:
"Nimekumbuka kuitwa Mshihiri."

Kwetu tunasema serikali haina dini, wenye dini ni watu.
Naipenda kauli hiyo, nimeikariri tangu darasa la tatu.
Ila kila mkutano unafunguliwa na shehe, kisha padri,
kisha mchungaji ambaye hajui kufupisha,
nami naitikia amina zote tatu,
kwa kuwa neno ni letu, waliazima,
na sijawahi kulidai.

Siku hizi naweza kuwasha mishumaa dirishani.
Nimejaribu. Jirani alidhani umeme umekatika,
akaniletea taa ya sola.
Nikakaa mbele ya ule mwanga wa aina mbili
nikilitamani pazia.
Adeni siijui, Yerusalemu naijua kwa zaburi tu.
Nchi niliyoipoteza ina upana wa stoo,
inanuka maharage na nta.

"Wasio na dini huthibitisha tu," alisema mwenyekiti.
Mimi ninayo, mheshimiwa.
Nikaiomba ile Biblia, nikatoa rababendi,
nikapitisha kidole kabla ya Mathayo
nikaugawa kama mkate.
Upande huu, nikasema.
Sumari akacheka, kisha akaona aibu:
yeye alikuwa ameapa kwa kitabu kizima, pamoja na sehemu yangu.
Ndeanasia akaandika, huku akijisomea kwa sauti:
*Ameapa kwa Biblia. Nusu ya mwanzo.*

Shauri likaahirishwa.
"Mashauri yamerundikana," alisema mwenyekiti,
"tutakaa Jumamosi, saa tatu asubuhi."
Mdomo wangu ukatangulia, sikuutuma:
Jumamosi nina msiba.

Ndeanasia akafunga droo taratibu.
"Pole, jamani," akasema.
"Nani tena?"